Sehemu Ambayo Profu Aliiruka

Nasema wazi: yule profu wa Kifaransa sijamsamehe, na sina haraka ya kumsamehe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Tulikaa mtaa wa Ruashi, katika nyumba ambayo Papa alikuwa anaijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kila alipopata nafasi. Ukuta wa lupango, yaani ua wetu wote, ulikuwa haujafika hata kiunoni. Wezi walishaingia wakabeba simenti, wakarudi wakabeba mlango mpya. Ndipo Papa akaleta kitoto cha mbwa kutoka Kipushi, ndani ya katoni. Nikamlea mimi. Alikula ukoko wa bukari, ugali wetu, mkononi mwangu, akakua, akawa wa kumfurahia kila mtu: jirani, mpita njia, mtu wa kuuza makaa.

"Ule haiko imbwa," Papa alisema. "Ule iko mugeni kama bageni bengine."

Mwaka ule ule tulisoma riwaya ya mbwa. Kusema tulisoma ni kujisifu. Kitabu kilikuwa kimoja, cha profu, na hakikutoka mkononi mwake. Alitembea kati ya mabenchi akitoa muhtasari kwa mdomo, sisi tunaandika. Vitabu vyote tulivisoma hivyo. Mbwa anaibwa kwenye nyumba ya raha, anauzwa nchi ya theluji, anapigwa rungu mpaka anainama, anafungwa kamba avute mizigo juu ya gari lisilo na magurudumu. Wenzake wanakufa njiani. Yeye anakuwa mkali, anapona. Profu akamalizia kwa Kiswahili: mwenye nguvu mpishe. Hilo ndilo somo la kitabu, alisema, na kwenye Exetat, mtihani wetu wa mwisho, tujibu hivyo hivyo. Walimu walikuwa wamegoma, mwaka ulikuwa umeshaliwa. Akafunga kitabu.

Papa hakujua Kifaransa cha vitabu. Jioni, Mama akisonga bukari, alitaka nimweleze kwa Kiswahili mambo niliyosoma. Alisema masomo yangu ni ya nyumba nzima. Ya jiografia alisinzia. Ya mbwa akasogeza kiti.

"Njo vile banafanyaka?" akauliza. "Banamupiga kwanza, kisha anakuwa mukali?"

Nikajibu ndivyo. "Njo vile, Papa. Profu njo alisema."

"Sema tena pale pa rungu."

Kesho yake alirudi na mnyororo. Akatoa mpini kwenye jembe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimfunga mbwa na kumpiga. Nililia. Mama akamjia juu: "Weye, ule imbwa alikukosea nini?"

"Acha, imbwa iko najifunza. Kitabu ya mutoto njo inasema vile."

Papa huyo hakuwahi kutupiga sisi hata kofi. Alimpiga mnyama yule bila hasira yoyote, kwa utulivu wa mtu anayefuata maelekezo ya fundi, na akimaliza ananawa mikono anakunywa chai yake. Ile chai ilinichoma moyo kuliko mpini. Heri angekuwa na hasira, maana hasira hupoa.

Mbwa hakuwa mkali. Aliacha kula mkononi mwangu. Siku moja niliinua mkono kuanua nguo kwenye kamba, akalala chini, akajikojolea. Mimi, niliyemlisha. Niliingia ndani nikakaa kitandani hadi jioni.

Wezi walirudi Jumapili mchana, sisi tuko kanisani. Wakabeba mabati ya paa la jikoni. Jirani aliyewaona alisema walimruka mbwa pale kwenye mnyororo, naye hakunyanyua hata kichwa. Baada ya hapo akagoma kula kabisa, na kabla mvua hazijaanza akafa. Papa akamzika nyuma ya nyumba. Mimi mtihani nilipita, wakanimwagia poda kichwani kama desturi yetu, watu wakacheza barabarani.

Mwaka jana nilikikuta kitabu chenyewe mjini, kwa mtu anayepanga vitabu vikuukuu pembeni ya barabara. Nikaanza kukisoma nimesimama. Kumbe kuna sehemu nzima ambayo profu hakutuambia. Mtu mmoja anamtoa mbwa yule mikononi mwa wapigaji, anamtibu, anakaa naye, anamsemesha kama ndugu. Na kwa ajili ya mtu huyo mbwa anavuta mzigo ambao hakuna rungu lingeweza kumvutisha. Nikakilipia, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Profu nilimkuta shuleni pale pale, amezeeka, anakula karanga. Nikamuuliza kwa nini aliiruka.

"Ile haitokaka ku Exetat," akasema, halafu akataka kujua siku hizi nafanya kazi wapi.

Nikaenda Ruashi. Ukuta sasa umekwisha, mrefu, una vipande vya chupa juu. Mnyororo bado upo, Papa anafungia mlango wa lupango. Nikamketisha, nikamsomea sehemu ile nikitafsiri sentensi kwa sentensi, kama zamani. Hakusinzia. Nilipomaliza alikuwa anaangalia nyuma ya nyumba.

"Njo sasa unaniambia?" akasema.