Kikohozi cha Mzee Andongwisye

Kwa desturi ya Kinyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe wake. Mzee Andongwisye akija, hukohoa tangu njiani, naye Tulinagwe, mke wa mwanawe, hukimbilia ndani kujificha. Basi biashara ilipofunguliwa kwa wageni na maduka ya Bondeni, yaani ya Afrika Kusini, yakaanza kuuza mashine za kuoshea kwa presha ya maji, Tulinagwe alimtuma mumewe kwa mzee: wanunue ile ndogo ya umeme, isiyo na kelele, ili akiwa anaosha asikie kikohozi cha mzee.

"Mwanamke anajua nini habari za mashine?" mzee alifoka. Akachagua ya petroli, dude zima, linalonguruma kama lori bovu.

Masika hayo mto ulifurika, nyumba ikajaa tope. Mafuriko yalipopungua, Tulinagwe alikuwa barazani akibandua tope kwa dude hilo, kanuna. Kugeuka, mzee huyu hapa, uso kwa uso, fimbo juu.

"Huna adabu! Nimekohoa mpaka kifua kinauma!"

Tulinagwe hakukimbia, wala hakuzima mashine. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimkazia mzee macho, akapaza sauti kuushinda mngurumo:

"Kohoa tena, Baba! Mashine umeichagua mwenyewe!"