Mishipa Ambayo Hakuna Aliyeipima

Kwa miaka miwili, kila niliyemweleza shida yangu alinijibu kabla sijamaliza kueleza. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, nauza vitambaa karibu na Nakivubo, katika duka alilofungua babu yangu, na nguvu zangu za kiume zilikuwa zimepungua kidogo kidogo mpaka zikaisha.

Muuza dawa wa mtaani kwetu Bukoto hakuniuliza hata umri. Alinipa vidonge vya bluu ndani ya bahasha ya kaki. Vikaniumiza kichwa na kuniwasha uso, basi. Mganga wa miti shamba akanipa unga wa mizizi. Mwalimu wa madrasa, mtu ninayemheshimu sana, alinisomea dua kisha akaniuliza kama kuna niliyemdhulumu. Nikatoka kwake nikiwakumbuka watu mmoja mmoja, hadi wale niliogombana nao shuleni.

Daktari wa kwanza alikuwa na foleni ndefu mlangoni.

"Mzee, hayo ni mawazo," aliniambia. "Biashara ngumu siku hizi. Pumzika."

"Lakini hata asubuhi nikiamka hakuna kitu, daktari. Zamani kilikuwepo."

Alikuwa ameshaanza kuandika. Aliniandikia dawa ya usingizi. Nikalala vizuri mwezi mzima, na huo ndio ukawa msaada wote nilioupata.

 Siku moja mke wangu, akikunja nguo, akasema bila kuniangalia, "Bwana, kama kuna mwingine niambie tu. Nitaumia, lakini nitajua."

"Hakuna."

"Basi ni mimi?"

"Si wewe."

"Basi ni nini?"

Nikampandishia sauti, kana kwamba kosa lilikuwa lake kuuliza. Yeye akaendelea kukunja nguo. Kesho yake akaniambia kuna daktari wa magonjwa ya wanaume, na kwamba safari hii tunakwenda wote wawili.

Daktari huyo alikuwa Mkenya wa makamo, tukazungumza Kiswahili. Nilishukuru. Kwa Kiganda ningeona aibu zaidi, na kwa Kiingereza ningekosa maneno. Aliuliza kama mwili huitikia asubuhi nikiamka, nikamjibu hapana. Akauliza kama navuta sigara. Tangu ujana, nikasema. Kisha akauliza, "Miguu inakuuma ukitembea?"

Nilitaka kusema hapana. Mke wangu akanitangulia. "Inamuuma. Akipanda mlima kutoka dukani husimama njiani akajifanya anasoma simu."

Sikujua kwamba aliwahi kuliona hilo. Mimi mwenyewe nilidhani ni uzee.

Daktari akanivua soksi, akatafuta mapigo ya damu upande wa juu wa mguu, akatafuta tena. Akanifunga kipimo cha presha mkononi, halafu kifundoni. Ya mguuni ilikuwa chini. Akaagiza damu ipimwe sukari na mafuta, na akaniandikia kipimo cha altrasaundi cha kutazama mtiririko wa damu kwenye uume.

Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Mahali pa kwanza dada wa mapokezi aliisoma karatasi, akamwita mwenzake, wakaisoma pamoja, wakaniambia hawafanyi hicho. Mahali pa pili mashine ilikuwa mbovu. Niliporudi juma lililofuata ilikuwa imetengenezwa, lakini anayeijua alikuwa likizo. Nikarudi kwa daktari nikiwa nimefura. Hakubishana nami. Alipiga simu mbili na kunipeleka kwa mwenzake, naye mwenyewe akaja kusimamia.

Walinichoma sindano ya kufungua mishipa pale pale kwenye uume. Ilikuwa nyembamba na haikuuma kama nilivyoogopa. Tukasubiri. Mwili ukaitikia nusu nusu tu. Yule mwenzake akapitisha kifaa chenye mafuta baridi, na kwenye spika nikasikia damu yangu mwenyewe: sauti hafifu ya kuvuta na kuachia.

"Ingepaswa kuvuma," daktari wangu alisema. "Inayoingia ni kidogo mno. Mishipa imekuwa myembamba."

"Kwa hiyo si mawazo?"

"Mawazo utakuwa nayo, nani asingekuwa nayo? Lakini hayakuanzia hapo. Na mishipa ya huku ni midogo kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huziba mapema. Sasa tuuangalie moyo."

Nilivaa suruali kwa hasira. Miaka miwili nilikuwa nikimeza vidonge vya dukani, na hakuna aliyewahi kuniwekea hata kipimo kifuani.

Kipimo cha moyo kilikuwa cha kutembea juu ya mashine. Walinisimamisha mapema, kwa kuwa moyo ulionyesha kukosa damu. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha mshipa mmoja wa moyo umebanwa, na kipimo cha damu kikaonyesha kisukari ambacho sikujua ninacho. Nikapewa dawa, nikaacha sigara kwa taabu, na nikaanza kutembea kila siku na mke wangu. Ile shida iliyonipeleka haijaisha. Kuna siku mambo huenda, kuna siku hayaendi, na siku hizo sipandishi tena sauti.

Nilimpigia simu mdogo wangu anayekaa Luzira, mvutaji wa sigara kuliko mimi. Nikamweleza yote, jambo ambalo ndugu wa kiume kwetu hawaambiani. Akacheka.

"Kaka, mimi bado mzima. Umezeeka wewe."

Nikarudia maelezo, nikamsihi naye akapimwe. Akaanza kuzungumzia mpira. Mke wangu akaninyang'anya simu, akamwambia amwite mkewe. Wanawake hao wawili walizungumza nusu saa, mimi nimekaa pembeni kama mtu asiyehusika.

Shemeji akampeleka akapimwe. Alikwenda amenuna, na kwa hasira hakunipigia simu kwa wiki tatu; lakini alikuwa ameshapimwa, nami hilo lilinitosha.