Mama mkwe amekataa kunipa namba ya siri

Leo nimefungiwa nje ya akaunti ya mtandaoni ya duka langu la pampu, na aliyefunga ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana matapeli waliiteka akaunti yetu, wakawauzia wachimbaji wa dhahabu pampu zisizokuwepo kwa jina letu. Januari nikasema mwaka huu haturudii. Namba ya siri ya kufungulia, inayotumwa kwa ujumbe akaunti ikifunguliwa kwenye simu ngeni, nikaielekeza kwenye simu ya mama mkwe, kule kijijini Nyarero.

Nani atathubutu kumsumbua?

Nikamwambia, "Mama, usimpe mtu. Hata ukisikia sauti yangu."

Leo asubuhi simu yangu ikadumbukia kwenye ndoo ya maji.

Mlangoni wamekaa wachimbaji wanne, shimo lao linajaa maji. Pampu yao iko njiani tangu jana, na namba ya dereva iko ndani ya akaunti hiyo tu. Mke wangu alikuwa shambani, hapatikani kwa simu.

Nikaazima simu ya mchimbaji mmoja, nikajaribu kufungua akaunti ili namba itumwe kwa mama, kisha nikampigia; namba yake ya simu naijua kwa kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mkwe wako, Chacha."

"Chacha alinionya kwamba utapiga."

Sasa ningefanyaje? Kwetu Wakurya mtu habishani na mama mkwe. Nikashukuru, nikakata.

Mke wangu ndiyo kwanza amerudi. Kwenye simu yake, ambayo naandikia hapa, kuna ujumbe wa mama yake:

"Mwambie Chacha kuna tapeli alipiga. Ana adabu sana, lakini sikumpa. Namba nimeifuta."

Mke wangu anauliza amjibu mama yake nini.

Mngekuwa mimi, mngemwambia mama kwamba tapeli huyo ni mimi?