Chekeche Jipya la Bi Rukia

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, nayo si siku ya furaha. Umenijia kuniuliza vyombo gani ununue uanze kuoka mikate nyumbani, ukadhani nitakutajia masufuria kisha nikuache wende zako. Nitakutajia, ngoja. Lakini kaa kwanza, jimiminie chai, maana siwezi kutaja chekeche bila ya kumtaja Bi Rukia, na nikimtaja Bi Rukia moyo huniuma.

Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikatolewa kwetu Majengo nikaletwa huku Mji wa Kale, kwenye nyumba ya kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Mume wangu Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini, na mshahara wake ukiisha mwezi haujafika kati. Nami kuoka nilikujua. Mkate wangu wa mayai, usione najisifu, ulikuwa ukisimama mpaka watu wakiuliza nimeutia nini. Basi nikaanza kupokea maagizo ya watu, ya arusi, ya maulidi na ya wageni.

Kuchagua vyombo, hapo sina wa kunishinda. Wenzangu wakikimbilia masufuria mepesi yang'aayo, mkate ukiungua chini na katikati mbichi. Mimi nilinunua sufuria moja nzito, ya kitako kinene na kifuniko bapa cha kubebea makaa, kwa sababu mkate ule wataka moto kidogo chini na mwingi juu. Nikanunua seredani ya makaa, mizani ndogo, na chekeche la waya mwembamba la kuchungia unga. Mamangu alinifunza niwe na changu katika kila kitu. Akisema, nguo ya kuazima haistiri matako. Niwie radhi mwanangu, methali yenyewe ndivyo ilivyo.

Sasa, nyumba iliyopakana na yetu, ukuta mmoja, akikaa Bi Rukia. Mjane, mtu mzima, peke yake katika nyumba ya ghorofa. Wanawe wote walikuwa Maskati. Pesa wakimletea, si uongo, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Kila alasiri, mara nishapasua mayai bakulini, nasikia hodi.

"Hodi, mwanangu. U mzima? Salimu hajambo? Mavyaa wako hajambo?"

"Hatujambo sote, Bi Rukia. Karibu."

"Niazime chekeche lako, nina kiunga changu nataka kukichunga."

Akishalishika, haendi. Huketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaanza hadithi zake: goti lake, ndoto zake, fulani alivyoolewa na fulani alivyoachwa. Nami mayai yangu yaningoja. Utakuja kuona mwenyewe, mkate wa mayai hautiwi hamira, husimama kwa povu la mayai peke yake. Ukishayapiga yakaumuka, utie unga na uinjike papo hapo. Ukipiga soga, povu hulala, na mkate hulala nalo.

Alasiri moja nilikuwa na mkate wa arusi. Bi Rukia akaja, akaazima, akaketi, akanihadithia vile bintiye mdogo alivyopanda ndege huku akilia. Nikaona haya kumkatiza. Mkate ukatoka bapa kama chapati. Wenye arusi waliukataa mlangoni, wakasema mbele ya mavyaa wangu, mamake Salimu, kwamba hawatarudi tena kwangu. Nililia kwa hasira. Nikasema moyoni, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kila siku mgeni, na jembe halishiki!

Asubuhi yake nikatoka mpaka Ndia Kuu, dukani kwa vyombo, nikanunua chekeche jipya, zuri kushinda langu. Nikalifunga karatasi ya maua nikampelekea mwenyewe. Nikamwambia kwa sauti tamu, "Bi Rukia, nimekuletea lako, usisumbuke tena na goti lako kuja kuazima."

Alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuzageuza, akaniangalia, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Hakunikaribisha ndani, yeye ambaye hakuwa akimwacha hata paka apite bila ya kumkaribisha. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, nikamsimulia mavyaa wangu wema wangu. Alikuwa akipembua mchele. Akaacha, akanitazama, akasema, "Haya." Laiti angenigombeza siku ile ile.

Bi Rukia hakuja tena. Alasiri zangu zikawa kimya, mikate ikasimama, wateja wakarudi. Mara mojamoja nilimwona dirishani nikampungia mkono. Kila siku nikisema, leo nitapita nimjulie hali, na leo ikawa kesho. Nyumba ya ukuta mmoja, mwanangu! Hata viatu nisingehitaji kuvaa.

Mpaka Ijumaa moja muuza maziwa akatugongea. Akauliza, Bi Rukia amesafiri? Maana jana alibisha hakufunguliwa, na leo ni vile vile. Salimu na wanaume wa mtaa wakauvunja mlango. Walimkuta chini ya ngazi, nyonga imevunjika, ameanguka tangu jana yake asubuhi. Alikuwa hai. Midomo imemkauka, sauti imemwisha kwa kuita. Nyumba zetu hizi za mawe kuta zake ni nene, hazipitishi sauti ya mzee. Na saa zote hizo mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta ule, nachunga unga. Angekuwa bado na ada yake ya kuja kwangu, alasiri ile ile ningejiuliza yuko wapi.

Nilikaa naye hospitalini. Siku moja nikapata ujasiri wa kumuuliza, "Bi Rukia, mbona uliacha kuja kwetu?"

Akanishika mkono. "Nilikuwa nikitaka kuja, mwanangu. Lakini sikuwa tena na cha kuazima."

Hakusema kwa lawama. Afadhali angelaumu. Hakurudi nyumbani kwake ila kwa jeneza.

Matangani, wanawake wakiwa wanapika, mavyaa wangu alinishika mkono akaniingiza jikoni kwa marehemu. Ukutani lilikuwa limetundikwa chekeche kuukuu, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa moshi.

"Hili lilichunga unga wa arusi yangu mimi," akasema. "Ulidhani hana? Mtu mzima hawezi kubisha mlango wa watu akasema, nina upweke, nitazameni. Huona haya. Husema niazimeni chumvi, niazimeni chekeche. Alikuwa akija kwako ili ajulikane yu hai. Nawe ukamfungia mlango kwa zawadi."

"Na wewe mama, ulijua?"

Akalipangusa lile chekeche kwa kiganja. "Nilijua. Nikanyamaza, nisije nikaonekana nimeingilia jiko la mke wa mwanangu. Mimi nami nitaulizwa na Mungu."

Nilirudi kuwaoshea watu vyombo, na machozi yangu nikasingizia vitunguu.

Haya, vyombo vyako. Nunua sufuria nzito, moja, usinunue tatu nyepesi kwa kuwa ni rahisi. Kifuniko kishike sawasawa, moshi usiingie ndani. Mizani usiiache, kikombe hudanganya. Mashine ya kupigia mayai nunua ukiweza, mkono una mwisho wake, wangu huu nao umekwisha. Oveni ya umeme haina ubaya, ila seredani usiitupe, umeme wetu waujua tabia zake. Na chekeche chukua la waya mwembamba, ulitikise dukani, lisiwe lalia kwa kulegea waya.

Lakini ukishakamilisha vyote hivyo, mwanangu, jikoni kwako kiache kimoja usiwe nacho, kiwe ni iliki, kiwe ni kipimo, uende ukakiazime kwa jirani aliye peke yake. Ukikirudisha kisirudi kitupu, kitie kipande cha mkate. Na atakayekuja kuazima kwako, usimnunulie chake akakae nacho. Mpe chako, ili kesho awe na sababu ya kukirudisha. Na kesho isipomleta, yaache mayai bakulini, liache povu lilale, utoke ukamtazame. Mayai mengine yatapatikana.

Mungu akubarikie mikono yako, na moto wako usizimike, na riziki yako iwe ya halali. Akujaalie majirani wenye kukubishia mlango, na akupe subira ya kuwafungulia. Na Bi Rukia amlaze mahali pema, na sisi tuliokuwa upande wa pili wa ukuta atusamehe. Amin.