Mama aliniambia nipande mpunga mwanzo wa mwezi, mimi nikaangalia kalenda

Wakuu, habari za majukumu. Hapa siongezi chumvi, na anayetaka kunicheka ruksa, maana hata mimi sijielewi.

Mimi ni fundi simu. Mzee alipofariki nikarudi nyumbani Makwale, mama akanikabidhi nusu ya shamba la mpunga, nusu akabaki nayo. Kabla hajaenda Karonga kumsalimia dada yangu, akaniachia sharti moja tu: nipande mwanzo wa mwezi.

Sawa. Tarehe moja asubuhi nikamwaga mbegu, kifua mbele.

Jioni natoka kuoga, naona mwezi unachomoza juu ya milima ya Matema, mviringo kama sinia. Kumbe mama alimaanisha mwezi wa angani, ukiwa mchanga! Kwa imani yake, mpunga uliopandwa mwezi mpevu unatoa majani matupu.

Nikauchuna.

Mama akarudi, akakuta mbegu zangu zimeota, akadhani nilipanda mwezi ulipoandama yeye akiwa Karonga; akangoja mwezi wake uandame tena, akapanda nusu yake. Siku ya tatu ikashuka mvua si ya kawaida, mbegu zake zikasombwa. Zangu zilikuwa zimeshashika mizizi.

Sasa hivi mpunga wangu masuke yameinama mpaka naona aibu. Wa mama ni mabaka mabaka.

Hapo ndipo kichwa kilipovurugika. Ni mvua tu? Au wazee waliukosea mwezi miaka yote hii? Au ni bahati yangu ya mara moja? (Najua, mtasema ningepima kwa misimu kadhaa. Sikuwa napima chochote, nilikuwa nimekosea.)

Juzi mama kasimama kwenye jaruba langu, kashika suke, kasema taratibu: "Ndaga fijo, mwanangu. Umeufuata mwezi. Mkono wangu mimi umeshakufa, chukua na nusu yangu."

Yaani ananishukuru! Jembe kampa jirani. Anashinda kwenye kiti pale uani, yeye aliyelima tangu msichana, hata chakula anadonoadonoa. Inaniuma sana.

Nikisema ukweli, namnyang'anya mwezi wake. Nikinyamaza, nimemnyang'anya shamba.

Nilichojifunza ni kidogo: mtu akikutajia mwezi, muulize upi. Wakulima mliomo humu, na nyie mliowahi kumficha mama jambo, nisaidieni mawazo.

Maana leo asubuhi kaniuliza kunde tutapanda lini. Nikamjibu, "Ngoja niangalie mwezi, mama."

Akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Sasa wakuu, niangalie upi?