Shujaa Mwenye Upawa Kifuani

Mke wangu akimaliza kupaa samaki huosha mikono kwa ndimu, na harufu ile ikinifikia mimi huacha chochote nilichokuwa nikikifanya. Siku hizi amenizoea. "Haya, umeshakwenda kwa babako," huniambia, kisha huendelea na chungu chake.

Ni kweli huwa nimekwenda. Baba yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Alishinda akikatakata vitunguu na samaki wa watu wengine, na kabla ya kupanda basi la wafanyakazi kurudi kwetu Mwabungo alijisugua ndimu mpaka viwikoni, ili mama asimwambie ananuka jiko. Mama alimwambia vilevile. Jioni moja alishuka na kitabu cha picha kilichoachwa na mgeni mmoja hotelini, nacho kilikuwa kimeshika harufu ya mikono yake. Kwenye jalada palikuwa na mwanamume anayepaa angani, joho la buluu limemfungukia mgongoni na chupi kaivaa juu ya suruali, jambo lililomchekesha mama mpaka akajikalia chini. Kifuani alikuwa na alama: kitu cha mviringo chenye mkia mrefu. Mimi nilikitambua mara moja. Ulikuwa upawa, kama ule aliochotea mama mchuzi. Basi shujaa yule alikuwa mpishi, tena mpishi mwenye nguvu za kuinua lori. Baba hakunipinga hata kidogo.

"Siku yangu ya mapumziko nitakusomea maneno yake," aliniambia. "Kwa sasa tazama picha."

Siku hiyo ya mapumziko haikuja. Baba aliugua ghafla, nami nikapelekwa Kinango kwa shangazi Mejumaa, dada yake baba, nikakaa huko wiki kadhaa na kitabu changu kwapani. Kinango hapakuwa na maji ila ya kuhangaikia. Nilizoea kukaa mbali kidogo na kisima nikiwatazama wanaume walivyokaza kamba, wameinama, wakivuta kutoka shimoni pipa ambalo hulioni mpaka litokeze. Nilipomwuliza shangazi habari za baba, aligeuka upande na kunijibu kwamba amesafiri. Ninyi mnaosoma mmeshafahamu. Mimi sikufahamu.

Niliporudi Mwabungo nilimkuta mama ndani, amevaa nguo kuukuu, hana hina, hana udi, na kizingiti cha mlango wa mbele havuki. Waliniambia yuko kwenye eda. Sikuwa na ndugu mkubwa wa kunieleza kwamba eda ni ya mjane, basi nikajieleza mwenyewe: eda ni namna ya kumngoja msafiri, mke hutulia ndani mpaka mumewe arudi. Hesabu yangu ilikuwa nzuri, na mtu mzima wa kuisahihisha hakupatikana.

Asubuhi nilikwenda chuoni kwa maalimu kusoma Kurani, kwa sababu shule nilikuwa sijaanza. Mchana wenzangu wakubwa walikuwa shuleni na ua wote ulikuwa wangu. Nilijifunga leso ya mama shingoni ikawa joho, nikakimbia mpaka kwenye mnazi na kurudi, na hakuna aliyeniambia nimekimbia vizuri. Nilicheza gololi na nafsi yangu, mkono wa kulia ukiushinda wa kushoto. Siwezi kuupamba upweke ule. Nilikuwa nikiongea na kuku.

Ndipo nikakishika kile kitabu sawasawa. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana kila kitu kimetokana na jambo hili. Kitabu nilichokijua mimi kilikuwa juzuu ya chuoni, na juzuu hufunguliwa kuliani. Nilikifungua cha shujaa wangu hivyo hivyo, nikaanzia ukurasa ambao kwenu ndio wa mwisho, na hadithi ikaniendea bila tatizo lolote. Mwanzo Bwana Upawa alipaa juu ya mji na watu wakimpungia mikono. Akainua lori. Akawakamata wezi. Kisha, kurasa zikienda, akawa ameshika joho lake mkononi kana kwamba hajui alifanyie nini, na ukurasa uliofuata hakuwa nalo tena, alikuwa kijana wa kawaida aliyepiga magoti usiku penye udongo mbichi, na upawa mkubwa wa moto uko juu mbinguni. Nikaelewa kwamba ameurudisha ulikotoka, pamoja na nguvu zake.

Na malipo yake nikayaona. Wanaume walikuwa wamesimama kando ya shimo, wameshika kamba, sanduku refu limo nusu ndani nusu nje. Kwetu maiti hulazwa kaburini na sanda yake tu, kwa hiyo sanduku lile halikuniambia kifo. Liliniambia Kinango. Wale walikuwa wanavuta. Na kweli, ukurasa uliofuata baba yake yule kijana alikuwa kitandani, amekonda lakini yupo. Uliofuata alikuwa ameketi. Na picha ya mwisho kabisa, baba na mwana walikuwa mezani wanakula, baba amenyoosha mkono kumwongezea mwanawe chakula.

Mama aliniita takriban kila alasiri. "Lete kitabu chako tutazame." Nilikaa ubavuni pake, nikafungua kuliani, nikamsimulia, naye akasikiliza. Tukifika pale mezani mimi nilikuwa tayari kuanza upya, lakini yeye aliweka kiganja chake juu ya ile picha. "Usifunge kwanza," aliniambia.

Siku eda ilipokwisha niliamshwa na harufu ya udi. Mama alioga, akaletewa nguo mpya, wanawake wakaja, nyumba ikachangamka. Nani angeniambia kwamba msafiri harudi leo? Nilivaa kanzu yangu ya Idi. Ile leso niliikunja vizuri nikaiweka juu ya kitanda cha baba, kwa sababu shujaa alilitoa joho lake ndipo akampata babake, nami sikutaka kuonekana mchoyo. Kisha nikatoka peke yangu na kitabu mpaka barabarani, mahali lilipozoea kusimama basi la wafanyakazi.

Lilikuja jioni. Wakashuka wanaume wenye mifuko yao, mmoja mmoja, na kila mguu uliotangulia mlangoni ulikuwa wa baba mpaka nilipouona uso. Mzee mmoja aliyefanya kazi naye jikoni alinitambua. Alinishika kichwa, akaenda zake. Basi likaondoka tupu.

Nilipogeuka nilimwona mama. Hakuwa amevuka mlango wa mbele tangu nirudi kutoka Kinango, na hatua zake za kwanza kutoka nje zilikuwa za kunitafuta mimi.

"Wamngoja nani, mwanangu?"

"Baba." Nikamwonyesha wale wenye kamba. "Si wameshamtoa?"

Mama alikaa chini mchangani na nguo zake mpya. Alikichukua kitabu, akakigeuza, akakifungua kushotoni. "Hiki chaanzia huku," akasema, na akanipitisha polepole: baba na mwana mezani, baba kitandani, kamba, shimo. "Hawamvuti, mwanangu. Wamteremsha. Babako naye alifariki ulipokuwa Kinango, na mimi sikupata ulimi wa kukwambia."

Nilimnyang'anya kitabu nikakifungua kuliani. Nililia kwa hasira, nikampiga begani kwa ngumi zangu ndogo, nikimwamuru asome huku, asome huku. Hakunizuia. Alinibeba mpaka nyumbani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa.

Nilipojua kusoma niliyasoma maneno yenyewe. Upawa ulikuwa kimondo, kilichoanguka usiku wa maziko na kumpa yule yatima nguvu asizoziomba. Nilijua pia kwamba ni shujaa wa zamani sana, mmoja wa wale wa mwanzo kuvalishwa joho vitabuni; wenzake walivuma dunia nzima, yeye akachorwa muda mfupi akaachwa. Sijakutana na mtu mwingine anayemkumbuka.

Lakini lililonichelewea zaidi ni jingine, nami nilikuwa na watoto wangu lilipoingia akilini. Mama alisoma shule. Alijua tangu alasiri ya kwanza kitabu kile kinaanzia wapi, na kamba zile zinafanya nini. Angeweza kukigeuza siku yoyote. Badala yake aliniita yeye mwenyewe, akaniacha nianzie kuliani, tukalipita kaburi, tukampita mgonjwa, tukafika kwa mwanamume mzima anayekula mezani kwake. Hapo ndipo alipoweka kiganja na kusema nisifunge kwanza, nami nikadhani ananingoja mimi nishibe kutazama.