Germana na Chupa ya Surua

Pale Mang'ola hakukuwa na dalali wa vitunguu aliyemweza Germana kwa maneno. Alikuja toka Rombo akiwa msichana, akaanza kuchambua vitunguu, na mpaka anapata mjukuu alikuwa bado anachambua na bado anasema.

Mwaka ule wa 1999 surua iliingia. Watoto waliopona vipele walishikwa na kuharisha mpaka macho yakazama. Siku ya chanjo, mjukuu wake Germana, Wilson, alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua, na kesho yake mama yake, Naomi, alikuwa anaondoka naye kwenda Oldeani kuchuma kahawa.

Muuguzi Herbert alifika na pikipiki na kisanduku chake cha barafu chenye chupa za chanjo. Akakuta mtoto aliyeletwa ni Wilson tu, na bibi yake.

"Mama, chupa moja ni ya watoto wengi. Nikishaichanganya, inayobaki leo naimwaga. Siwezi kufungua kwa mmoja."

"Unataka watoto?" Germana akamjibu. "Kaa hapo. Ukiwasha hilo pikipiki nakufuata mpaka Karatu nikikutukana njia nzima!"

Kwenye banda la kuchambulia vitunguu wanawake hawakutaka kuinuka. Lori la dalali Patrisi lilikuwa linangoja magunia.

"Lori litarudi kesho," Germana aliwaambia. "Mtoto akikauka kwa kuharisha, naye atarudi? Scholastika, si wewe ulilala hospitali na wako juzi juzi?"

Scholastika akajifunga kanga, akasimama. Wenzake wakafuata. Patrisi akapiga honi.

"Piga tu, baba! Honi haijazi gunia!"

Germana akapanga foleni mwenyewe, huyu mbele, yule nyuma, Wilson akamweka mwisho kwa heshima ya wageni aliowaita. Zamu yake ilipofika, Herbert akatikisa chupa.

"Imeisha, mama."

"Fungua nyingine!"

"Kwa mmoja?"

Watu wakaangua kicheko. Germana akageukia mferejini, walikokuwa Nashipai na wanawake wenzake wa Kimaasai wakiwapakia punda maji, watoto mgongoni.

"Nashipai! Leteni watoto, kuna sindano ya surua!"

"Ipo tangu asubuhi?" Nashipai aliuliza. "Sisi tunapita hapa kila siku, hakuna anayetuambia."

Germana akashuka mpaka mferejini. "Basi nimekosa, yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Njooni."

Wakaja. Chupa ya pili ilipochanganywa, Germana akamsukuma Wilson mbele ya wote.

"Huyu kwanza! Heshima imeishia kwenye chupa ile!"

Wilson alipiga yowe, punda wakashtuka. Naomi akamfunga mgongoni, akaenda kufunga mizigo ya Oldeani.